Extend Volume imefifia: C imejaa, nafasi iko baada ya D

Kidirisha:

Habari wakuu. Kompyuta ya nyumbani ina SSD moja ya GB 512 (Windows inaisoma GB 476), Windows 11, diski ya GPT. Kwenye Disk Management mpangilio kutoka kushoto kwenda kulia ni huu:

EFI, MB 100
C, GB 100, zimebaki GB 4
Recovery, MB 750
D, GB 376, zimetumika GB 156

Nimebofya D kwa kitufe cha kulia, Shrink Volume, nikaandika 81920, na GB 80 zikakatwa bila tatizo. Sasa zinaonekana kama kipande chenye mstari mweusi kilichoandikwa Unallocated, mwisho kabisa baada ya D. Lakini nikibofya C, Extend Volume imefifia, haibofyeki. Nafasi ipo, mbona C haiioni? Sitaki kusakinisha Windows upya.

SektaSifuri:

Hesabu yako ni sahihi mkuu, shida ni mahali nafasi ilipo. Patisheni ni eneo linaloanzia sekta fulani na kuishia sekta fulani. Jedwali la GPT linahifadhi namba hizo mbili. Kurefusha C ni kusogeza namba yake ya mwisho mbele. Windows haisogezi patisheni ya jirani ili kupisha, kwa hiyo nafasi tupu lazima iguse C moja kwa moja, upande wa kulia. Yako imezuiwa na Recovery na D. Na Shrink hukata mkia tu, haikati kichwa, kwa hiyo hata ukiipunguza D mara tatu zaidi nafasi itatokea kulekule mwisho.

Jambo moja la kuepuka sasa hivi: ukiona mahali popote pendekezo la kubadili diski iwe Dynamic ili C iunganishwe na vipande vilivyo mbali, kataa. Kuirudisha kuwa Basic kwa zana za Windows kunahitaji ufute volyumu zote kwanza, na patisheni ya kuwashia Windows haiunganishwi kwa namna hiyo.

Kabla ya hatua yoyote angalia vitu viwili. Kwanza afya ya SSD kwa CrystalDiskInfo: ikiandika Caution au Bad, acha habari ya patisheni, okoa data kwanza. Pili, fungua Command Prompt kwa Run as administrator uandike:

manage-bde -status

Kompyuta nyingi za Windows 11 zimefungwa kwa BitLocker (usimbaji wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo) bila mwenyewe kujua. Kama C au D imefungwa, chukua ufunguo wake wa tarakimu 48 uuandike kwenye karatasi au uuhifadhi kwenye simu. Ukiuacha ndani ya D hiyohiyo, hautakusaidia siku utakapoombwa.

Mpangilio_GB:

Unaweza kusogeza patisheni bila kufuta kitu, kwa GParted Live, programu ya kupanga patisheni inayowashwa kutoka kwenye fleshi badala ya Windows. Inaenda hivi: D inasogezwa kulia hadi mwisho wa diski, Recovery inasogezwa kulia igusane na D, kisha C inarefushwa kujaza pengo.

Kuna mahali wengi wanapoteza saa nyingi. GParted ikisogeza patisheni inanakili eneo lake lote, pamoja na sehemu zisizo na faili. D yako sasa ni GB 296, kwa hiyo itasoma na kuandika GB 296 japo zilizotumika ni 156. Ipunguze kwanza hadi kama GB 170, ndipo uisogeze kulia GB 80 tu, mwisho uirefushe tena ijaze hadi mwisho wa diski. Kupunguza na kurefusha ni kazi fupi, mzigo uko kwenye kusogeza. Kwenye Align to acha MiB.

Kabla ya kuwasha fleshi, zima Fast Startup kabisa:

powercfg /h off
shutdown /s /t 0

Usipofanya hivyo, Shut down ya kawaida inaiacha NTFS (mfumo wa faili wa Windows) katika hali ya usingizi nusu, na GParted itakataa kuigusa au itaonyesha alama ya onyo kando ya patisheni. Ikidai kuna hitilafu, rudi Windows, endesha chkdsk D: /f, zima, jaribu tena. Patisheni iliyofungwa kwa BitLocker GParted haiwezi kuibadilisha ukubwa. Itabidi uifungue kwanza kwa manage-bde -off na usubiri hadi status iseme Fully Decrypted.

Hakuna kinachofanyika hadi ubofye Apply, kwa hiyo panga hatua zote, zisome upya kwenye orodha ya chini, ndipo ubofye.

SektaSifuri:

Maelezo hayo ni sahihi na hila ya kupunguza kabla ya kusogeza ni nzuri sana. Ila kwa kesi hii siiungi mkono. Umeme ukikatika katikati ya kusogeza, nusu ya D iko mahali papya, nusu pa zamani, na jedwali linaelekeza sehemu moja tu. Hakuna kitufe cha kurudi nyuma. Kwa hiyo bakapu ya D ni lazima kabla ya kusogeza. Sasa ukishakuwa na bakapu kamili ya D, kwa nini uisogeze? Ifute, panga upya, rudisha faili. Kwenye diski ya nje ya USB 3.0 inayoandika MB 100 kwa sekunde, GB 156 ni chini ya nusu saa kama faili ni kubwa, zaidi kama ni picha na nyaraka ndogondogo.

Kidirisha, una diski ya nje yenye nafasi? Na D kuna programu zilizosakinishwa, au ni faili tu?

Kidirisha:

Ninayo, ina GB 400 tupu, inasomeka E. D ni faili, na programu mbili. BitLocker iko Off kote. Nikifuta D, bado Recovery ya MB 750 itakuwa katikati. Disk Management nikiibofya haitoi chaguo la Delete.

SektaSifuri:

Vizuri, BitLocker imetoka njiani. Nakili kwanza:

robocopy D:\ E:\BakapuD /E /COPY:DAT /DCOPY:T /R:1 /W:1 /XJ /XD "System Volume Information" "$RECYCLE.BIN" /LOG:E:\bakapu.txt

Fungua bakapu.txt, nenda chini kabisa kwenye jedwali, safu ya FAILED iwe 0 kwa Dirs na Files. Ikiwa 1 au zaidi, tafuta neno ERROR juu yake ujue ni faili gani, kwa kawaida ni ile iliyofunguliwa na programu. Usishtuke kama folda ya BakapuD haionekani: ukinakili kutoka mzizi wa draivu, robocopy hubeba pia sifa za mzizi, ambazo ni za kufichwa. Itoe hivi:

attrib -h -s E:\BakapuD

Fungua faili kadhaa kutoka E zenyewe, video moja, picha moja, zip moja. Halafu chomoa E, iweke mezani. Inapokuwa imechomekwa, kosa la namba moja kwenye diskpart (zana ya amri ya kupanga patisheni, tutaitumia hapa chini) linaweza kuifuta bakapu badala ya D.

Kuhusu Recovery: humo ndimo WinRE inakaa, ile skrini ya buluu ya Troubleshoot Windows inapogoma kuwaka. Diskpart inaiondoa, ila usianze na kufuta. Anza hivi:

reagentc /disable
dir /a C:\Windows\System32\Recovery

Amri ya kwanza hurudisha faili Winre.wim ndani ya C. Ya pili ni ya kuhakikisha. Kama huioni Winre.wim hapo, simama, usifute chochote. Ukifuta, WinRE imepotea na utahitaji fleshi ya kusakinishia Windows ili kuipata. Ukiiona, endelea:

diskpart
list disk
select disk 0
list partition

Soma ukubwa, usiamini namba kwa mazoea. Kwa mpangilio wako inatarajiwa 1 ni EFI, 2 ni Reserved ya MB 16 (Disk Management haiionyeshi), 3 ni C, 4 ni Recovery, 5 ni D. Kama inalingana:

select partition 5
delete partition
select partition 4
delete partition override

Bila override itakataa, kwa kuwa patisheni ya Recovery inalindwa. D nayo ikikataa kufutwa, angalia kama faili ya pagefile (nafasi ya diski ambayo Windows huitumia kama RAM ya ziada) imewekwa huko, iondoe kwenye mipangilio ya Virtual memory, washa upya. Kisha:

select volume c
extend size=81920
create partition primary size=1024
format quick fs=ntfs label="Windows RE tools"
set id=de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac
gpt attributes=0x8000000000000001
exit
reagentc /enable
reagentc /info

Size ni kwa MB: 81920 ni GB 80, kwa hiyo C itakuwa 180. Ukiandika extend bila size itameza diski yote iliyobaki. Nimeweka 1024 kwa Recovery kwa makusudi: sasisho la Windows 10 la Januari 2024, KB5034441, liligoma kwa watu wengi kwa kosa 0x80070643 kwa sababu patisheni hii ilikuwa imebanwa mno. MB 1024 ni sadaka ndogo.

Reagentc /info iseme Enabled, na njia iishie harddisk0\partition4. Ikisema partition3, WinRE imejiweka ndani ya C. Mara nyingi ni kosa la kuandika kwenye ile id ndefu. Irekebishe, halafu /disable na /enable tena.

Mwisho, Disk Management, kipande kilichobaki, New Simple Volume, NTFS, herufi D ileile. Herufi ikibadilika zile programu mbili hazitafunguka. Rudisha faili kwa robocopy kutoka E:\BakapuD kwenda D:\, na usiifute bakapu hadi uwe umewasha na kuzima mashine mara kadhaa na umetumia faili zako kawaida.

Mpangilio_GB:

Nakubali, hiyo ni salama zaidi kwa D. Nyongeza: C ikiwa imebaki GB 4 tu, fungua Disk Cleanup, Clean up system files, uone kama kuna Previous Windows installation. Windows.old huweza kuchukua zaidi ya GB 10. Afadhali uanze kazi hii C ikiwa na nafasi ya kupumua, maana Winre.wim peke yake ni mamia ya MB.

Njiwa_wa_Data:

Samahani kudandia uzi. Mimi nataka kinyume: C ni GB 400, imetumika 120, ninataka kuikata niunde D. Shrink inanipa MB 2300 tu. Nafasi nyingine imeenda wapi?

SektaSifuri:

Haijaenda popote. Shrink hukata kutoka mwisho hadi inapokutana na faili ya kwanza isiyohamishika, hapo husimama hata kama nyuma yake kuna GB 200 tupu. Usibahatishe ni ipi. Jaribu Shrink, kisha fungua Event Viewer, Windows Logs, Application, tafuta tukio namba 259 kutoka Defrag. Limeandika jina la faili iliyozuia.

Ikiwa ni hiberfil.sys (faili ya hibernation): powercfg /h off. Ikiwa ni pagefile.sys: Virtual memory, No paging file, washa upya. Ikiwa iko ndani ya System Volume Information ni restore point. Zima System Protection ya C kwa muda, ufute zilizopo. Kila ukiondoa moja, jaribu Shrink tena usome 259 upya, kwani nyuma ya moja huwa kuna nyingine.

Ikitaja $Mft (orodha kuu ya faili zote za NTFS), zana za ndani ya Windows zimefika mwisho. Hapo GParted ya mwenzangu ndiyo jibu, kwa sababu inafanya kazi Windows ikiwa imezimwa na inaweza kuihamisha hiyo pia. Kupunguza tu bila kusogeza mwanzo wa C si mzigo mzito, lakini bakapu ni ileile. Windows ikiwaka tena mara ya kwanza inaweza kuendesha chkdsk yenyewe, iache imalize.

Usisahau kurudisha pagefile na System Protection ukimaliza. Kompyuta iliyoachwa bila pagefile inaweza kuganda.