Hoja: Mitihani na homuweki viondolewe chekechea, watoto wafundishwe kwa michezo

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili bila matusi, maana kila likiguswa kwenye magrupu ya wazazi linaishia watu kujitoa kwenye grupu.

Msimamo wangu nauweka mapema. Mtoto wa chekechea asipewe mtihani, asipewe homuweki ya kuandika, na sehemu kubwa ya siku yake darasani iwe michezo iliyopangwa na mwalimu. Sisemi aachwe uwanjani arukeruke mpaka gari la shule lije kumchukua. Nasema iliyopangwa: mwalimu anajua leo anatafuta nini ndani ya huo mchezo.

Wala sijalitoa kichwani mwangu. Mtaala wa elimu ya awali wa Taasisi ya Elimu Tanzania unataka mtoto ajifunze kwa michezo, nyimbo, hadithi na vitendo, na darasa liwe na kona za kujifunzia: ya hisabati, ya lugha, ya sayansi, ya nyumbani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inaitaja awali kuwa mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza. Sasa angalia tunachonunua mijini: baby class, middle class, pre-unit, miaka mitatu ya ada, na mtoto wa miaka mitatu anarudi nyumbani na daftari ajaze herufi "a" ukurasa mzima. Mama anamshikia mkono, mtoto analia, baba anapiga picha ukurasa uliojaa na kuutuma kwenye grupu la ukoo.

Kiganja cha mtoto wa umri huo bado kina gegedu nyingi mahali ambapo mtu mzima ana mifupa. Penseli inamchosha haraka, na ukimlazimisha anaishika kwa ngumi. Kinachomuandaa aandike ni kufinyanga udongo, kutunga shanga, kukata karatasi, kufungua na kufunga vifuniko vya chupa. Mzazi akiona hayo anasema ada inaliwa.

Hesabu nayo ni hivyo hivyo. Wapo watoto wanaimba moja hadi mia bila kukwama, lakini mwambie "niletee vizibo saba" uone. Atakuletea kiganja kizima. Anajua wimbo wa namba, wingi wenyewe haujui.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa moja la awali mwalimu akiendesha kona ya duka. Meza moja, makopo matupu, pakiti za majani ya chai, na mizani ya vifuu viwili vilivyoning'inizwa kwenye kijiti. Hela ni vizibo vya soda. Mteja katoa vizibo vitano, kiberiti bei yake vitatu, kasimama anadai chenji. Muuzaji, binti wa miaka mitano, kamjibu bila kupepesa macho: "Chenji hamna, chukua pipi." Darasa zima likacheka, mimi pia. Ila mwalimu hakuliacha lipite. Akauliza, "Pipi moja ni vizibo vingapi?" Wakaanza kubishana: ni kimoja, kwa hiyo anamdai pipi mbili, hapana ni moja na kizibo kimoja. Hapo ndani mna kutoa, kujumlisha na kulinganisha thamani. Daftari la siku hiyo halikuwa na kitu.

Kuhusu kuwahi kusoma: mtafiti Sebastian Suggate na wenzake huko Nyuzilandi walilinganisha watoto walioanza kufundishwa kusoma wakiwa na miaka mitano na walioanza wakiwa na miaka saba. Walipofika miaka 11, tofauti ya uwezo wa kusoma haikuonekana. Ufini shule ya msingi inaanza mtoto akiwa na miaka saba.

Serikali ikiamua inaweza. Mwaka 2023 ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kelele zikapigwa, zikaisha. Kwa nini isizuie na mitihani ya chekechea? Karibuni.

Mzazi, Kinyerezi

Mkuu umeandika vizuri, ila inaonekana hujatafuta nafasi ya darasa la kwanza karibuni. Mimi mwanangu nilimpeleka shule ya michezo hiyo hiyo unayoisifia. Alikuwa anafurahi, anaimba, anajua rangi zote. Tulipokwenda kuomba darasa la kwanza shule moja ya binafsi, akawekwa kwenye chumba peke yake na karatasi ya kurasa nne, maswali kwa Kiingereza. Akachora samaki. Tukaambiwa arudie pre-unit.

Kwa hiyo msituambie wazazi tuna kiherehere. Sisi tunafuata mlango ulipo. Nyie mnaotaka daftari liwe tupu, anzeni na hao wanaotunga intavyuu.

Mchangiaji, Mbeya

Haya mambo ya kizungu. Sisi tulianza kwa kuandika kwenye vumbi kwa kidole, kiboko kipo mkononi mwa mwalimu, na leo tuko hapa tunaandika hoja. Mchezo mtoto atacheza nyumbani. Shule ni shule.

Mleta mada

Mkuu wa Mbeya, kuandika kwenye vumbi kwa kidole ndiyo hicho hicho ninachokitetea! Kidole hakichoki kama penseli, ukikosea unafuta kwa kiganja, na karatasi hazikuwepo za kupeleka kwa mzazi kuonyesha. Kiboko ndicho nakiacha huko huko.

"Atacheza nyumbani" lilikuwa jibu zuri enzi zile. Leo mtoto wa Dar gari la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, anarudi jioni amechoka, nyumba ina geti, dada anamwashia katuni ili apike kwa amani. Mdako atachezea wapi? Na mdako wenyewe ni hesabu tupu: unarusha jiwe juu, kabla halijashuka unakomba kokoto shimoni, unarudisha zote unabakiza moja, raundi inayofuata mbili mbili, halafu tatu tatu. Nani alitufundisha kuhesabu kwa makundi? Kokoto.

Mzazi wa Kinyerezi, wewe nakujibu chini, swali lako ni zito.

Mwalimu wa awali, wilayani Kilosa

Nawasalimu. Nimesoma kimya, sasa niseme kidogo kama mtu ninayeshinda na hawa watoto.

Mwalimu anayesema michezo haifundishi simjui. Tatizo ni hesabu nyingine. Mwongozo ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 wazazi wameitikia, na ni jambo jema, lakini darasa langu linapita watoto 90 na niko peke yangu. Nina chumba kimoja, na mchana wanaingia wengine. Kona za kujifunzia nilizitengeneza kwa makasha na manila, zikakaa wiki, zikachanika. Vizibo navyo vinaingia puani, vinaingia mdomoni, vinaenda nyumbani mfukoni. Kona ya duka ya ndugu mleta mada, nikiweka watoto watano dukani, hao wengine 85 wanafanya nini?

Ndiyo maana unakuta mwalimu kaandika "ba be bi bo bu" ubaoni, watoto wanaitikia kwa sauti moja. Anajua njia bora ni ipi. Ila kuitikia ndiyo njia pekee inayowaweka watoto 90 mahali pamoja bila mtu kuumia.

Ninachofanya mimi ni kugawa. Makundi yanatoka kwa zamu chini ya mwembe, kila kundi na vijiti na mbegu za mabungo zao, mmoja wao ni kiongozi wa kuhesabu. Waliobaki ndani wanachora au wanasikiliza hadithi. Wiki nzima kila mtoto anapata zamu mbili tatu. Ni kidogo, ila ipo. Sasa mdhibiti ubora akija anataka kuona andalio la somo, mwalimu mkuu anataka madaftari, mzazi anataka alama. Mtihani ukifutwa nitashukuru, lakini msifute halafu mkaniacha na watoto 90 mkasema "sasa chezeni".

Msomaji, Mombasa

Hodi jamani. Huku kwetu Kenya watoto wa PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya awali, wako kwenye mtaala wa umilisi, unaoangalia mtoto anaweza kufanya nini, tangu 2019, na ubishi ni huu huu wenu: mzazi bado anauliza mtoto amekuwa namba ngapi.

Lakini Pwani tuna mfano wa zamani zaidi. Mpango wa chekechea za madrasa ulianza Mombasa mwaka 1986 kwa msaada wa wakfu wa Aga Khan, ukaenda Zanzibar 1990 na Uganda 1993. Bi Swafiya Said ndiye aliyekuwa mbele katika kuuanzisha. Walimu hawakuletwa kutoka mbali, walikuwa ni kina mama wa mtaa, wakapewa mafunzo. Vifaa ni vifuu, makumbi, kombe za pwani, vitambaa vya leso kuukuu. Mtoto anasoma dini yake na anacheza, vyote asubuhi moja.

Mwalimu wa Kilosa, nakuombea kitu kimoja kutoka huko: mama mmoja wa kijiji wa kukaa nawe chini ya huo mwembe. Hata bila cheti. Watoto 90 kwa watu wawili si sawa na 90 kwa mmoja.

Mchangiaji, Mbeya

Huyo mama wa kijiji atalipwa na nani? Maana mkishasema elimu bila ada, mzazi akiombwa hata debe la mahindi anakwenda kushtaki kwa mkuu wa wilaya.

Mwalimu wa awali, wilayani Kilosa

Hilo ni kweli tupu, ndugu wa Mbeya. Kwangu walikuja kina mama wawili wakakaa muhula mmoja kwa mapenzi yao, msimu wa kilimo ukaanza, wakaenda shamba. Siwalaumu.

Mleta mada

Basi nimjibu mzazi wa Kinyerezi. Karatasi ya kurasa nne kwa mtoto wa miaka sita haipimi elimu, inachuja watu. Shule inachagua watoto ambao tayari wanajua, halafu darasa la nne inajisifu kwa ufaulu wao. Kwa hiyo naiongeza kwenye hoja: pamoja na mitihani ya chekechea, intavyuu ya kuandika kuingia darasa la kwanza nayo ipigwe marufuku, shule za binafsi zikiwemo. Mtoto apokelewe kwa umri. Hiyo ikiondoka, wenye shule za chekechea hawatakuwa na sababu ya kumkamua mtoto wa miaka mitatu.

Kwa mwalimu wa Kilosa sina jibu la mkato. Ajira za walimu wa awali ndizo za kudai, na wanaodai mtaala mpya kila mwaka wangedai hilo kwanza.

Mzazi, Kinyerezi

Hapo kwenye intavyuu tumeelewana. Ila hizo ni ndoto za sheria ijayo, mkuu, na wangu wa pili anaingia darasa la kwanza Januari. Kama kuna anayejua shule inayopokea bila karatasi na isiyo na watoto 90, anitumie jina inbox. Mpaka hapo homuweki ya leo ni herufi "g", na tunaijaza.