Chati inasema mama aligeuzwa kitandani saa nane mchana. Saa nane mchana mama alikuwa hospitali na mimi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite tu. Mods, naomba msiuunganishe na ule wa "kumpeleka mzazi nyumba ya wazee ni laana". Huo mjadala siuwezi leo. Mimi nilimpeleka. Mama ana miaka 79, kiharusi kimelaza upande wote wa kushoto, na nilimhudumia mwenyewe mwaka na nusu mpaka mgongo wangu ukagoma. Anayetaka kunihukumu kwa hilo aje kwanza amgeuze mtu mzima wa kilo 62 mara sita kwa usiku, peke yake, halafu tuongee.

Na sikukurupuka. Nilizunguka vituo vitatu nikiwa na daftari. Niliuliza maswali, nikaandika majibu, nikalinganisha. Kinachoniuma ni kwamba nilikagua kila kitu isipokuwa kile kinachomweka mzee hai.

Kituo nilichokichagua kilikuwa na maua mlangoni, sakafu unajiona uso, televisheni kubwa ukumbini, cheti ndani ya fremu. Meneja alinishika mkono kwa mikono yake miwili: "Dada yangu, mama amefika nyumbani." Hakukuwa na harufu ya mkojo hata kidogo, nikaandika kwenye daftari "SAFI SANA" nikapigia mstari. Nimekuja kujua baadaye kuwa wageni wote huletwa saa nne asubuhi, deki ikishapigwa, na kwamba ghorofa niliyoonyeshwa siyo aliyokuja kulazwa mama.

Wiki ya saba nikamtoa kwenda kliniki yake ya kiharusi. Nesi akamgeuza ubavu ili amvue, akanyamaza. Kisha akaniita kwa sauti ya chini, "Dada, hiki ulikuwa unakijua?"

Kwenye kifandugu kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa kiganja cha mtoto, katikati cheusi, kinatoa harufu ambayo sitaisahau. Kisigino cha kushoto kina lengelenge limejaa damu. Daktari akasema hawezi hata kukipa daraja kidonda hicho mpaka nyama iliyokufa iondolewe aone chini kuna nini. Kwa wasiojua: vidonda vya kulalia vina hatua 4. Ya 1 ngozi bado nzima ila rangi imebadilika na haififii ukiibonyeza, ya 4 unafika kwenye msuli au mfupa. Na ngozi yetu nyeusi haionyeshi ule wekundu wanaouandika vitabuni. Unatakiwa uguse. Pakiwa pa moto kuliko jirani yake, au pagumu, au mgonjwa akishtuka, hapo tayari mambo yameanza. Mimi nilikuwa nakuja kila Jumapili, namkuta mama amevalishwa vizuri, kiti cha magurudumu, kitambaa kichwani, nampiga picha naweka kwenye grupu la familia. Sikuwahi kumwinua hata siku moja nimtazame makalio. Nani anamtazama mama yake makalio?

Mnapaswa kumtazama. Naandika hivyo kwa aibu yangu yote.

Sasa tuje kwenye karatasi, maana ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Nilirudi jioni ile nikadai faili. Walizungushazungusha, mara nesi mkuu hayupo, mara kabati limefungwa. Nikakaa pale mapokezi chini ya maua yao mpaka likaletwa. Ndani yake kuna chati ya kugeuza mgonjwa. Kawaida inayofundishwa ni kumgeuza asiyejiweza kila baada ya saa mbili hivi, kutegemea hali yake na godoro alilolalia, na kila mara anayegeuza anaandika upande na kutia sahihi. Chati ya mama ilikuwa nzuri kuliko kitabu cha shule. Wiki saba hakuna hata kiboksi kitupu. Kalamu ileile, mwandiko uleule, saini ileile mchana na usiku, kana kwamba kuna binadamu asiyelala.

Nikatafuta tarehe ya siku ileile. Tuliondoka na mama saa tatu asubuhi, tukarudi saa kumi na moja jioni. Chati: saa nne, kushoto. Saa sita, chali. Saa nane, kulia. Saa kumi, kushoto. Zote zimesainiwa.

Meneja akasema, "Dada, ni makosa ya kibinadamu." Nikamwuliza, makosa manne? Yanayopishana saa mbilimbili? Akaanza kuniambia kuhusu cheti chao.

Ukurasa wa uzito ndiyo kichekesho kingine. Mama aliingia na kilo 62. Chati yao: 62, 62, 62. Mzani wa hospitali: 57. Mzee akipungua asilimia 5 ya uzito wake ndani ya mwezi ni kengele ya hatari, na mama amepoteza asilimia 8 ndani ya wiki saba bila mtu yeyote kushtuka, kwa sababu mtu wa kushtuka alikuwa ananakili namba ya juu na kuiandika chini. Mwili usiopata chakula na maji ya kutosha hauna cha kujengea ngozi. Ndiyo maana kidonda na uzito vinakwenda pamoja, na ukikiona kimoja ulizia kingine.

Halafu wakaniambia kwa fahari kabisa kwamba mahali "palipoanza kubadilika" walikuwa wanampaka mafuta na kumkanda, na walimkalisha kwenye ule mpira wa duara wenye tundu katikati. Jamani. Kukanda ngozi iliyokwisha umia ndani ni kuipasua zaidi, na lile duara linabana damu kuzunguka palepale unapotaka damu ifike. Haya mambo yameachwa siku nyingi. Nesi wa kliniki alipoyasikia alifumba macho.

Naomba nieleweke. Simtukani dada wa zamu. Nilimkuta usiku mmoja, nilipoanza kwenda usiku, na nitalieleza hilo sasa hivi.

Baada ya siku ile nilienda saa tano za usiku bila taarifa. Mlinzi akasema muda wa kuona wagonjwa umekwisha, nikamwambia basi niitie polisi. Nikapanda. Ghorofa nzima wazee 31, dada mmoja, na mwenzake mmoja aliyekuwa anagawa dawa ghorofa mbili kwa mpigo. Kengele zilikuwa zinalia vyumba vitatu. Kengele nyingine kamba yake imefungwa juu kwenye fremu ya kitanda ili isivutwe. Bibi mmoja akanishika gauni: "Mwanangu, nimeita tangu jioni." Yule dada hakuwa amekaa. Hakuwa kwenye simu. Alikuwa anakimbia. Piga hesabu mwenyewe: kumgeuza, kumkausha na kumbadilisha nepi mzee mmoja asiyejiweza, ukifanya kiungwana, ni kama dakika kumi. Wazee 31. Hiyo ni zaidi ya saa tano kwa mzunguko mmoja, na mzunguko unatakiwa kila saa mbili. Kwa hiyo uongo haukuanzia kwenye kalamu yake. Uliandikwa na aliyepanga zamu, yeye akaishia kuutilia saini.

Hilo ndilo swali nililopaswa kuuliza siku ya kwanza: usiku wa Jumamosi, kwenye ghorofa atakayolala mama yangu, mikono ni mingapi? Nisijibiwe kwa jumla ya wafanyakazi wa kituo, humo wamo dereva, mtunza bustani na mhasibu. Wamarekani walianza kuvipa vituo vyao nyota mwaka 2008, moja hadi tano, na kwa miaka mingi idadi ya wafanyakazi ilikuwa ile wanayoitaja wenye vituo wenyewe. Ilibidi mwaka 2018 waanze kuhesabu kwa kumbukumbu za malipo ya mishahara, maana mtu halipwi kwa zamu ambayo hakuwepo. Ukiambiwa "tuna wafanyakazi wa kutosha", omba ratiba ya zamu ya wiki iliyopita. Wakiona ni siri, umeshajibiwa.

Na cheti cha ukutani? Kinakuambia siku moja mkaguzi alikuja. Kama alikuja kwa miadi, kinakuambia kuwa siku hiyo deki ilipigwa.

Kuna la dawa, na hapa ndipo damu inanichemka. Mama amepooza upande, akili yake ni timamu kabisa, anakumbuka madeni ya watu ya zamani. Wiki ya nne nikawa namkuta anasinzia, mate yanamtoka, maneno yamekuwa mazito. Nikaambiwa "ni umri, dada, na kiharusi". Kwenye faili nikakuta ameongezewa dawa ya usiku ya wagonjwa wa akili, sababu iliyoandikwa: "anasumbua kuita". Mtu anaita kwa sababu kidonda kinamuuma, anapewa dawa asiite! Dawa mpya za kundi hilo mamlaka ya dawa ya Marekani iliziwekea onyo kali mwaka 2005, na mwaka 2008 likaongezwa kwa zile za zamani, kwamba zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mama hana hata ugonjwa huo. Na mtu aliyeleweshwa hajigeuzi, hanywi maji, hasemi panapouma. Hivyo kidonda kinapata nafasi ya kuchimba kwa amani.

Ukiona ukumbi mzima wa wazee umetulia tuli saa tano asubuhi, vichwa vimelala vifuani, usiandike "mazingira tulivu" kama mimi nilivyoandika. Uliza ni wangapi wanakunywa dawa za usingizi na za akili, aliandika nani, na mara ya mwisho alizipitia lini.

Mengine nayapitisha haraka. Jagi la maji: liko upande ambao mgonjwa ana mkono mzima? La mama liliwekwa kushoto, upande uliopooza, wiki saba. Lilikuwa limejaa kila nilipokuja na mimi nikifurahi kuwa wanampa maji. Mpira wa mkojo: uliza umewekwa kwa sababu gani ya kitabibu, maana ukikaa tu ili kupunguza kazi ya nepi ni mlango wa maambukizi. Milango ya dharura: isukume uone kama inafunguka. Umeme ukikatika: Florida, Septemba 2017, kimbunga Irma kilizima viyoyozi kwenye kituo kimoja na wazee 12 wakafa kwa joto, hospitali ikiwa ng'ambo ya barabara. Usiridhike kuambiwa jenereta ipo. Uliza inawasha nini, na iliwashwa lini kwa majaribio.

Shirika la Afya Duniani linasema wafanyakazi 2 kati ya 3 wa taasisi za wazee wamekiri wenyewe kuwa wamemtendea mzee vibaya ndani ya mwaka mmoja. Hao ni waliokiri. Sisi na madaftari yetu tunakagua rangi ya mapazia.

Jina la kituo sitaji, msinijazie PM. Malalamiko yameshaandikwa na kupelekwa kwa wanaohusika na leseni, na sitaki wapate pa kuchomokea kwamba nimewachafua mtandaoni. Walivyojaribu kuninyamazisha ni hivi: wamejitolea kumrudisha mama bure miezi miwili "ili tumalize kifamilia", na karatasi ya kusaini ilikuwa tayari imechapwa. Familia gani? Mimi nina mama mmoja.

Mama bado wodini. Wamemkata nyama iliyokufa mara mbili, chini yake mfupa ulionekana. Anasafishwa kidonda kila siku, na anapiga kelele kila siku, na mimi nafurahi kwamba anaweza kupiga kelele.

Ninachoomba kwa wadau: kama kuna nesi au mwanasheria humu aliyewahi kushughulikia chati zilizoghushiwa, aniambie. Nimepiga picha kurasa zote kwa simu kabla hawajalichukua faili, tarehe na saa zinaonekana, na nina kadi ya kliniki yenye muhuri wa kuingia na kutoka. Je, hiyo inatosha au nidai chati halisi zizuiliwe sasa hivi? Maana nimesikia tangu juzi ghorofa ile kuna chati mpya, na zina viboksi vitupu vichache, vimeachwa kwa mpangilio mzuri.