Natafuta wenzangu wa kujifunza MQL5

SWALI
Habari zenu wakuu. Natafuta watu watatu au wanne tujifunze MQL5, lugha ya kuandikia roboti za biashara kwenye MetaTrader 5, tangu mwanzo. Nimeianza mara tatu peke yangu, na mara zote nimekwama kwenye viashiria, yaani hesabu zinazotokana na bei, kama wastani wake. Nilikuwa nafuata mafunzo ya MQL4, lugha iliyoitangulia, ambako ukiita iMA (kiashiria cha wastani wa bei) unapewa thamani ya wastani papo hapo. Nikahamishia msimbo uleule MQL5, nikaondoa kigezo cha mwisho ili ukubali kukompailiwa, nikaona namba 10, halafu 11, wakati bei ilikuwa 1.08! Siku mbili nzima nilitafuta kosa kwenye hesabu zangu.

Juzi ndiyo nimeelewa kwamba huku iMA inakupa namba ya kukitambulisha kiashiria tu, thamani zenyewe unazivuta kwa CopyBuffer. Nikaandika sharti: wastani wa mishumaa 20 (mshumaa ni kipande kimoja cha muda kwenye chati) ukiwa juu ya wa 50, nunua. Nikaiwasha roboti kwenye akaunti ya demo, nikatoka kidogo. Kurudi, nakuta oda 43 zimefunguliwa.

Naomba msaada kwa hilo, lakini zaidi nauliza: kuna aliyesoma kwa kikundi kikadumu? Mlijipangaje?

JIBU LA 1
Pole ndugu. OnTick, sehemu ya msimbo inayoendesha roboti, inaitwa kila bei inapobadilika, yaani kila tiki. Sharti lako linabaki kweli kwa masaa, kwa hiyo kila tiki inafungua oda mpya. Hifadhi muda wa kufunguka kwa mshumaa wa mwisho uliouona, na usifanye kitu mpaka muda huo ubadilike. Kisha usiangalie kama 20 iko juu ya 50, angalia kama imevuka: mshumaa namba 2 ilikuwa chini, mshumaa namba 1 iko juu. Namba 0, yaani mshumaa wa sasa, iache, bado haujafunga na thamani yake inachezacheza.

JIBU LA 2
Kuhusu kikundi, nimepitia viwili. Cha kwanza tulikuwa zaidi ya thelathini. Mtu mmoja akaweka picha ya faida yake, kesho yake wakaweka watano, na wiki ya tatu hakuna aliyekuwa anazungumzia msimbo. Kiliniuma, kwa sababu mle kulikuwa na watu wenye nia kabisa.

Cha pili tuko wanne na kinaendelea. Picha za faida hatuweki. Kila wiki wote tunaandika kazi ileile ndogo, halafu mmoja anafungua skrini na MWINGINE ndiye anaeleza msimbo ule mstari kwa mstari, mwenyewe ananyamaza. Wiki moja kazi ilikuwa kufunga oda zote. Mwenzetu alizungusha kitanzi (loop) cha kupitia oda moja moja, kuanzia 0 kwenda juu. Aliyekuwa anasoma akafika katikati, akasimama: "Ukishafunga ya 0, iliyokuwa 1 si inakuwa 0? Sasa wewe unaenda 1, ile umeiruka." Tukajaribu kwa oda sita, zikabaki tatu. Tangu siku hiyo wote tunaanzia PositionsTotal (idadi ya zilizo wazi) kutoa 1, tunashuka hadi 0. Mimi mwenyewe nilikuwa na kosa hilohilo kwenye roboti yangu kwa miezi.

JIBU LA 3
Niandike mimi, kaka. Naweza jioni tu. Na kabla hujaendelea, kagua safu (array) unayojaza kwa CopyBuffer: usipoiwekea ArraySetAsSeries, amri ya kugeuza mpangilio wake, kuwa true, nafasi ya 0 ndiyo thamani ya zamani kuliko zote ulizovuta. Wengi tunasoma kinyume bila kujua.

MWENYE SWALI
Asanteni sana. Dada wa jibu la 3, nimekagua, na kweli nilikuwa nasoma kinyume. Muda wa mshumaa nimeuweka pia. Kwenye kijaribio, kinachopitisha roboti kwenye bei zilizopita, oda 43 zimekuwa 2.

Tuko wawili tayari, nafasi ni mbili au tatu. Kazi ya wiki ya kwanza: roboti isiyofungua oda yoyote, inaandika tu kwenye jarida (log) kila wastani unapovuka, pamoja na muda wa mshumaa. Tutalinganisha majarida yetu Jumamosi jioni. Yakitofautiana hata mstari mmoja, hapo ndipo tutaanzia.