Naomba ushauri: nafasi ya abiria kwenye boti za kati ya Mokowe na Amu (mji wa Lamu)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri wa manahodha na watu wa afya.

Ukizuka ugonjwa wa kuambukizana kwa pumzi, kama korona ya 2020, tunaambiwa tuachane angalau mita 1. Botini mabenchi yanatazamana, magoti karibu yagusane. Kuketi kwa kupishana, kila mtu akitazama nafasi tupu, kunasaidia, na boti haiinami upande mmoja. Shida ni turubai: likishushwa kote kwa ajili ya mvua, pumzi za watu zinabaki humo humo. Naona lishushwe upande wa joshini tu (upepo utokako), demani (upepo uendako) kubaki wazi, na barakoa zivaliwe.

Surua ndiyo kazi. Virusi vyake hukaa hewani hadi saa 2, kwa hiyo mita haitoshi. Mgonjwa asichanganywe na abiria mpaka zipite siku 4 tangu vipele vitoke.

Sasa, ngazi za gati tuzitie alama vipi? Rangi huliwa na chumvi, na maji yakipwa ngazi za chini zinateleza, watu wote hurundikana pakavu. Kamba yenye fundo kila mita 1 itafaa? Na abiria wakipunguzwa nusu, mafuta ni yale yale: nani abebe pengo la nauli?