Liki milimani: tusie Januari au Julai?

Mkulima_Kapchorwa
Wakulima, hamjambo. Nina robo eka huku juu Kapchorwa, kwenye mlima Elgon, Uganda. Usiku ni baridi ya masweta mawili. Nimenunua mbegu za liki, ile mboga ya jamii ya kitunguu, aina ya Musselburgh, na pakiti inasema nihesabu kuanzia jalidi ya mwisho, yaani usiku wa mwisho wa umande kuganda. Shambani kwangu umande haugandi, sasa nihesabu kuanzia wapi? Nisie Januari nihamishe miche mvua ikianza, au nisie Julai nihamishe Septemba?

Dada_Edinburgh
Ndugu yangu, maelekezo hayo ni ya huku niliko. Musselburgh ni mji jirani yetu, mashariki ya Edinburgh, Uskoti. Tunasia Machi ndani ya nyumba, tunahamishia nje Mei au Juni. Liki iliyokomaa hukaa ardhini hata theluji ikiidondokea, na tunaing'oa kidogo kidogo tukitaka supu. Ubaya ni mche mchanga kukaa kwenye baridi wiki nyingi: joto likirudi, hutoa bua la maua badala ya kunenepa. Bua hilo ni gumu kama kijiti, halipikiki.

Mwana_Kigezi
Mimi niko Kabale, huku Kigezi, na nimejaribu zote mbili. Hesabu kurudi nyuma kutoka kwenye mvua. Kitaluni miche hukaa wiki 8 hadi 10, mpaka inenepe kama penseli. Baada ya kuhamishwa inataka miezi minne au mitano yenye maji. Nilipohamisha Machi, Juni ilinikuta na kiangazi wakati liki ndiyo kwanza zinanenepa. Thripsi, wale wadudu wadogo sana, walizifyonza mpaka majani yakawa na mabaka meupe. Siku hizi nasia Julai, nahamisha Septemba.

Mama_Kitalu
Mwanangu wa Kabale, hapo usimwelekeze mwenzako njia yako. Kigezi mna misimu miwili ya mvua. Kapchorwa mvua huanza Machi au Aprili, ikaendelea mpaka Oktoba hivi. Akihamisha Septemba, Desemba atabeba madumu ya maji kila jioni. Asie mwisho wa Januari.

Wakati wa kuhamisha, toboa shimo la sentimita 15 kwa mpini wa jembe, tumbukiza mche, usifukie. Mimina maji tu. Yatashusha udongo kidogo juu ya mizizi, na shimo litajaa lenyewe siku kwa siku. Sehemu iliyo gizani ndiyo inayokuwa nyeupe, na weupe huo ndio mnunuzi wa soko la Nakasero, Kampala, anautazama kwanza. Kuinulia udongo fanya polepole. Mwaka mmoja niliharakisha, mchanga ukaingia katikati ya majani, hoteli moja ikanirudishia gunia zima.

Mwana_Kigezi
Kweli mama, nilisahau mlima wao una mvua yake.

Mkulima_Kapchorwa
Asante mama. Basi ni mwisho wa Januari. Kitalu nakiweka karibu na kisima, maana mwezi huo ni mkavu.

Mama_Kitalu
Kiezekee nyasi mpaka mbegu zichipue. Huchukua wiki mbili kwenye baridi yenu, usichimbue kuangalia.