Baiskeli tatu za mashindano za zamani, miaka 20 kati yao: nichukue ipi?

MwanaPongwe

Heshima kwenu wadau. Mimi mtu wa Tanga, kwa sasa nipo Gent, Ubelgiji, kikazi. Huku Jumapili asubuhi usipopitwa na mzee wa miaka 70 aliyevaa kaptula ya kubana, ujue mvua inanyesha. Na mimi yamenipata. Nataka baiskeli ya mashindano ya zamani, ya chuma, na nimepata tatu ambazo haziko mbali na ninapokaa.

Ya kwanza ni Peugeot PX-10, muuzaji anasema ni ya 1973. Nyeupe, mabomba ya Reynolds 531, krenki (mikono inayoshika pedeli) za Stronglight, breki za Mafac, giya 10 (mbili mbele, tano nyuma), na giya zenyewe ni Simplex, zile zenye plastiki nyeusi. Euro 420.

Ya pili ya Kiitaliano, 1984 hivi, nyekundu ya kumeremeta, ina jina la fundi wa kijijini ambaye sijawahi kumsikia. Ina stika ya mabomba ya chuma ya Columbus SL na vifaa karibu vyote ni Campagnolo Super Record. Euro 900, na muuzaji kaandika kwa herufi kubwa kwamba haipungui.

Ya tatu ni ya 1993, nayo chuma, vifaa vya Shimano 600, giya 16, unabadilisha giya humohumo kwenye leva za breki. Euro 300.

Matumizi: Oktoba ya mwakani nataka kwenda L'Eroica, ile safari ya baiskeli za zamani kule Italia. Kabla na baada ya hapo nitaiendea kazini, kilomita 11 kwenda na 11 kurudi. Mkataba wangu unaisha baada ya miaka miwili, na baiskeli narudi nayo Tanga. Urefu wangu mita 1.74. Nguvu za kupanda mlima ni za mtu aliyekulia ufukweni.

Naomba ushauri. Moyo uko kwenye ile nyekundu.

JembeLaMpini

Phoenix. Kwa euro 900 unapata na ya mkeo, na ya shemeji.

Kipanga_Njoro

Sasa MwanaPongwe. Tuanze na kile kisicho na mjadala. L'Eroica wana sheria: baiskeli iwe ya 1987 kurudi nyuma, leva za giya ziwe kwenye bomba la chini la fremu, pedeli ziwe na vikapu na mikanda ya kushika mguu, na waya za breki zitoke juu ya leva zikipita hewani, zisifichwe chini ya utepe wa usukani. Hiyo ya 1993 imeanguka mtihani mara tatu kabla hujafika kwenye meza ya usajili.

Lakini usiidharau. Shimano walianza kuweka giya ndani ya leva za breki mwaka 1990, kwenye Dura-Ace, vifaa vyao vya daraja la juu, na Campagnolo wakafuata 1992. Ukiwa kwenye msongamano wa asubuhi, mkono kutotoka kwenye breki si anasa, ni usalama. Ubaya wa hizo leva za kwanza ni kwamba grisi ya kiwandani hukauka ikawa kama ulimbo. Unabonyeza, haishiki kitu. Wengi huitupa kumbe inataka tu kuoshwa na dawa ya kuyeyusha grisi, unapuliza, unabonyeza mara mia, unapuliza tena, halafu mafuta mepesi.

Mimi ningenunua mbili: ya 1993 ya kazi, na moja kati ya hizo nyingine ya Italia.

MwanaPongwe

Mbili haiwezekani. Naishi ghorofa ya nne na mwenye nyumba ameshaniangalia vibaya kwa ajili ya mwavuli.

BintiShangani

Salamu kutoka Bristol. Mie ile milima ya Gaiole, L'Eroica inakoanzia, nimeipanda mara mbili, basi nisikilize. Njia zile nyeupe si lami. Ni changarawe na vumbi, na mlima ukikaza huwezi kusimama kwenye pedeli kwa sababu gurudumu la nyuma linateleza. Unabaki umekaa, unasokota. Kwa hiyo kabla ya rangi na stika, hesabu meno: machache mbele na mengi nyuma ndiyo wepesi wa kupanda.

Krenki za Super Record hazikubali gia (duara la meno la mnyororo) ndogo ya mbele chini ya meno 42, ukibahatisha 41. Na mkono wa nyuma unaohamisha mnyororo haupendi zaidi ya meno 26. 28 ni bahati yako. Watu wa mbio walikuwa na mapaja ya kuisukuma hiyo, sie hatuna. Mara ya kwanza nilikwenda na 42 mbele kwa 24 nyuma, nikaitembeza baiskeli kwa mguu huku napitwa na bwana mmoja mwenye jezi ya sufu anayekula mkate. Stronglight 93 ya kwenye Peugeot inakubali hadi 38. Hiyo tofauti ya meno manne utaiombea dua.

Halafu mbona hukutaja ukubwa wa fremu? Hilo ndilo la kwanza. Baiskeli isiyokuwa saizi yako hata ikiwa ya bingwa Eddy Merckx mwenyewe itakuuma mgongo.

Fundi_Ilala

Mdogo wangu, nimefungua baiskeli tangu nikiwa na miaka kumi na moja. Wote hapo juu wamesema kweli ila hakuna aliyegusa kinachokusubiri Tanga. Mwaka wa baiskeli ni stori ya muuzaji. Wewe niulize nyuzi, yaani mikato ya skrubu.

Pale katikati, ekseli ya pedeli inapopita, kuna vikombe viwili vilivyofungwa kwa nyuzi. Mfaransa, Mtaliano na Mwingereza kila mmoja alikata nyuzi zake. Hiyo ya 1993, karibu kwa uhakika, ni Kiingereza, inchi 1.37 kwa nyuzi 24 kila inchi, na ndizo zilizo kwenye baiskeli nyingi za milimani za mtumba zinazoshuka bandarini. Ikiharibika, hata Tanga utapata kifaa siku hiyohiyo. Ya Kiitaliano ni milimita 36 kwa nyuzi 24. Ya Kifaransa ni milimita 35 kwa hatua ya milimita 1. Hizo mbili usipokuja na spea kwenye begi, hapa tutaziangalia tu.

Jambo la pili. Kwenye Kiingereza kikombe cha kulia kinakazwa kinyume, kwa makusudi, maana mzunguko wa pedeli huwa unakilegeza. Mtaliano na Mfaransa waliziacha nyuzi zote za kawaida, ndiyo maana kikombe cha kulia hulegea kisipokazwa kwa nguvu ya kweli. Halafu Peugeot za mwisho wa miaka ya 70 na kidogo baadaye, kuna zenye nyuzi za Uswisi: 35 kwa 1 vilevile, lakini kulia ni kinyume. Nimeona mtu anakaza saa nzima akidhani anafungua. Ikabidi tukate.

Mfaransa hakuishia hapo. Pedeli zake ni milimita 14, za wengine ni inchi 9/16. Zimeandikwa D na G, yaani kulia na kushoto kwa lugha yao, si R na L. Za Mtaliano D na S. Ukimpa kijana wa gereji pedeli ya 9/16 akailazimisha kwenye krenki ya Kifaransa, itaingia, na krenki itakuwa imekufa. Friwili, ile yenye meno ya nyuma, nayo ina nyuzi zake, milimita 34.7. Shingo ya usukani, kile chuma kinachoshika usukani, ni milimita 22.0 badala ya 22.2, hiyo siyo tatizo, ile ya 22.2 unaisugua na msasa.

Sasa utadhani nasema usichukue Peugeot. Sijasema. Kikombe cha chuma kigumu hakifi chenyewe, kinauawa na maji na grisi iliyooza. Kinacholika ni goroli, na goroli hazina taifa. Robo inchi, 11 kila upande, unauziwa kwa kuhesabiwa. Nimezibadilisha kwenye baiskeli za wauza mkaa zinazobeba magunia mawili kila siku, na vikombe ni vilevile vya miaka yote.

Nenda ukaangalie. Kwa ile nyekundu, lala chini uitazame kwa tumbo. Pitisha kidole chini ya bomba la chini, nyuma kidogo ya shingo ya fremu. Ukikuta mkunjo au rangi imepasuka kama mstari wa nywele, iligonga kitu kwa mbele. Kagua pia krenki kwa nyuma, mkono unapoungana na miguu inayoshika gia. Za Campagnolo za miaka ile hupasukia hapo. Kwa Peugeot, jaribu kama bomba la kiti linatoka, na tazama shingo ya usukani. Ikiwa imeandikwa AVA, usiipande. Hizo zinajulikana kwa kukatika.

JembeLaMpini

Fundi kaniharibia utani wangu wote. Ila Phoenix goroli zake pia hazina taifa, nasema tu.

MwanaPongwe

Shikamoo fundi. Leo Jumamosi nimezunguka kote.

Ile nyekundu. Jamani. Inang'aa kuliko pete ya ndoa. Nikamwomba mwenyewe niigeuze, akasita, nikalala kwenye zege. Mkunjo upo. Sentimita tatu nyuma ya shingo, kidole kinaruka kama kwenye tuta la barabarani, na chini ya stika rangi ni mpya kuliko kwingine. Nilipomwonyesha akasema ni "tabia ya chuma". Nikashukuru nikaondoka. Kumbe pia ni saizi 58, ningening'inia juu yake kama nguo kwenye kamba.

Ya 1993 ni saizi 54, nzima, leva ya kulia haishiki kama alivyosema Kipanga. Peugeot ni 55, nimesimama juu yake miguu ikiwa chini na kidole kimoja kinapita. Bomba la kiti linatoka. Shingo ya usukani: AVA.

Kwa kweli nimechanganyikiwa zaidi kuliko jana. Kichwa kinasema 1993.

Kipanga_Njoro

Kichwa kiko sawa kwa kazini na kwa Tanga. Lakini wewe ulianza kwa kutaja Italia. Ukinunua ya 1993 utakaa Gent Oktoba ukitazama picha za wenzako. Swali ni hilo moja: Italia ni kweli au ni maneno ya Jumapili?

BintiShangani

Na Peugeot kwenda nayo kazini si dhambi. Matairi yake ya asili ni ya kubandika kwa gundi, toa hizo rimu, funga za 700 za kawaida zenye tyubu, breki za Mafac zitafika bila tabu. Tairi milimita 28 au 30, hiyo fremu ina nafasi, nyingi za 1984 hazina. Zile Mafac zitapiga kelele kama paka wa mtaa wa Shangani. Kaza mipira yake ya breki iguse mbele kwanza. Plastiki ya Simplex ya mbele ndiyo inayopasuka, itafutie mbadala wa chuma kabla haijakuacha njiani.

Thévenet alishinda Tour de France ya 1975 na ya 1977 akiwa na jezi ya Peugeot. Si hoja ya ufundi, lakini mtu akikucheka kazini utakuwa na la kumjibu.

Fundi_Ilala

Mwambie muuzaji shingo hiyo ya AVA ni ya kutupa, na bei ishuke. Akikataa, ngoja wiki. Baiskeli ya miaka 50 haikimbii.

Nunua huko spea hizi ukiwa bado upo: vikombe seti moja na ekseli yake, friwili moja ya nyuzi za Kifaransa, jozi ya pedeli za milimita 14. Zote zinaingia kwenye mfuko wa soksi.

MwanaPongwe

Mrejesho. Ya 1973 nimeichukua kwa 340. Nilimwonyesha muuzaji shingo, akainyamazia kidogo, akasema alidhani hakuna anayejua.

Jana usiku nimefungua ekseli jikoni juu ya magazeti. Vikombe vimeandikwa 35x1 na cha kulia kimefunguka kawaida, kwa hiyo ni Mfaransa halisi, Mswisi hayumo. Grisi imekuwa kama halua iliyosahauliwa. Vikombe laini, havina shimo. Upande wa kushoto goroli 11. Upande wa kulia nimezihesabu mara tatu: 10.

Fundi_Ilala

Weka 11 mpya pande zote, usichanganye na za zamani. Na cha kulia ukikikaza, mwite jirani akushikie fremu.

JembeLaMpini

Na mwenye nyumba?

MwanaPongwe

Bado hajaiona. Naipandisha saa tano usiku.