Naomba ushauri: panya wa kwanza kafa dakika tano baada ya dozi, ni sumu ya chumvi au ni mkono wangu?

Fuwele_Bluu:
Habari zenu wakuu. Napima sumu ya muda mfupi, ile ya dozi moja ya kumeza, kwa chumvi mpya ya shaba niliyoitengeneza mwenyewe. Unga wake ni wa bluu na unayeyuka vizuri kwenye maji. Kibali cha kamati ya maadili ninacho. Nafuata mwongozo namba 423 wa OECD, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya vipimo vya kemikali, panya majike watatu kwa kila hatua, na kwa kuwa sikutegemea sumu kubwa nilianza na miligramu 2000 kwa kila kilo ya uzito wa panya.

Panya wa kwanza alikuwa na gramu 200, nikampa mililita 2 kwa bomba la kupitisha mdomoni hadi tumboni. Alipinga sana, nikasukuma hivyohivyo. Dakika ya tano povu lenye wekundu likamtoka puani, akafa. Wenzake wawili wako hai, ila tangu jana jioni wamejikunyata, manyoya yamesimama, na wanaharisha majimaji ya kijani. Je, huyu wa kwanza nimhesabu? Na nirudie 2000 kama mwongozo unavyosema akifa mmoja kati ya watatu?

Mzee_wa_Mizani:
Pole sana mkuu. Usihesabu chochote kabla hujampasua. Povu puani ndani ya dakika tano linanipeleka kwenye mapafu kabla ya kufikiria shaba. Bahati yako chumvi yenyewe ina rangi. Fungua koo la hewa taratibu mpaka kwenye mapafu. Ukikuta bluu humo na tumbo ni safi, basi dozi haikufika tumboni. Huyo hafai kuingia kwenye hesabu ya sumu, lakini kwenye ripoti lazima aandikwe, na sababu uitaje.

Na panya akipinga, toa bomba, mtulize, anza upya. Usisukume kamwe. Kabla ya kuingiza, lipime bomba kwa nje ya mwili, kuanzia mdomoni hadi ubavu wa mwisho, uweke alama.

Mama_Maabara:
Mdogo wangu, niseme wazi: 2000 haikufaa. Usipokuwa na taarifa yoyote, mwongozo unashauri uanze na 300, na wewe taarifa ulikuwa nazo. Kopa salfeti, ambayo nayo ni chumvi ya shaba, imeshaainishwa kuwa na madhara ikimezwa, kundi la 4, yaani dozi inayoua nusu ya wanyama iko kati ya 300 na 2000. Chumvi ikishayeyuka ayoni zake zinaachana, na ayoni ya shaba ni ileile hata ungeiunganisha na asidi gani. Linalobadilisha mambo zaidi ni kama inayeyuka au haiyeyuki. Bariamu salfeti wagonjwa wanainywa kabla ya eksirei kwa kuwa haiyeyuki, ilhali bariamu kloridi ni sumu.

Kuna jambo jingine. Mtu akimeza shaba nyingi hutapika. Panya hana uwezo wa kutapika, kwa hiyo yote uliyompa anabaki nayo. Hao wawili wanaumia. Nenda kawaangalie sasa hivi, usingoje kesho. Ukiona hali inazidi kuwa mbaya, mpumzishe bila maumivu, kisha mhesabu kama aliyekufa. Mwongozo hautofautishi.

Gramu_Moli:
Unga wako una maji ndani ya fuwele? Kwa mfano, kopa salfeti yenye molekuli tano za maji ni gramu 249.7 kwa moli, isiyo na maji ni 159.6, na shaba yenyewe ni 63.5 tu. Kwa hiyo miligramu 2000 za unga kama huo zinaweza kubeba shaba asilimia 25 au 40. Usipoandika umepima ipi, hakuna atakayeweza kulinganisha matokeo yako.

Halafu miligramu 400 ndani ya mililita 2 ni mmumunyo wa asilimia 20. Maji ya chumvi ya dripu ni asilimia 0.9. Mmumunyo mkali hivyo unavuta maji kuyaingiza kwenye utumbo, na huo mharo unaweza kuwa umechangiwa na hilo. Kwa mmumunyo wa maji unaruhusiwa kufika mililita 2 kwa kila gramu 100 za uzito, ukali ungepungua nusu.

Kalamu_Kavu:
Samahani kudandia uzi. Msimamizi wangu anataka LD50 kamili, yaani namba ya ile dozi inayoua nusu ya wanyama, kwa panya 50. Bado inafanyika?

Mama_Maabara:
@Kalamu_Kavu, mwongozo 401 uliotaka wanyama wengi hivyo ulifutwa 2002. Kama anahitaji namba, mpelekee 425, wa kupanda na kushuka: panya akipona dozi inapanda, akifa inashuka. Unatumia panya wachache mno.

Fuwele_Bluu:
Nimerudi wakuu. Nimempasua. Koo la hewa lilikuwa na bluu, mapafu mazito yamejaa maji, tumbo halina kitu. Ulikuwa mkono wangu, na nimeandika hivyo. Kati ya wale wawili, mmoja nimempumzisha jana usiku, alikuwa haamki hata nikimgusa. Ukuta wa tumbo lake ulikuwa mwekundu na umechubuka. Hiyo ni shaba.

Mzee_wa_Mizani:
Basi usirudie 2000. Iarifu kamati, omba kushuka hadi 300.

Fuwele_Bluu:
Nimeshawaandikia, na msimamizi amekubali. Unga nimeupeleka kupimwa maji ya fuwele. Aliyebaki ameanza kula leo, nitampima uzito siku ya 7 na ya 14. Wakiruhusu 300, mwenzangu mzoefu atashika bomba, mimi nitashika panya.